Majarida ya biashara ya migahawa ya Kihindi Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwenye mgahawa, meneja au mpishi anayelipata jarida la biashara kwa posta, akalifungua, kisha akajiuliza lina faida gani kwake. Ni kwa anayetaka kutangaza au kuandikwa pia. Sehemu kubwa ni mambo ya jikoni, kwa sababu ndiyo wasomaji wanayoyaulizia zaidi.

Jarida la biashara linatofautianaje na jarida la mapishi?

Jarida la mapishi humwandikia mtu anayepikia familia ya watu wanne. La biashara humwandikia anayetoa sahani mia mbili usiku wa Jumamosi, mwenye mishahara ya kulipa na afisa afya anayeweza kuingia bila taarifa. Ndani utakuta bei za mchele, mafuta na vitunguu, sheria zinazobadilika, mitambo mipya, migahawa inayouzwa na watu wa kazi hii. Mapishi yamo, ila yameandikwa kwa kilo na lita, na yanatakiwa kusema chakula kikae friji muda gani.

Kwa Uingereza, majina yanayojulikana ni Spice Business, lililoanzishwa na Enam Ali mwaka 1998, na Curry Life. Kabla yao lilitamba Tandoori Magazine.

Mbona yanaitwa ya Kihindi wakati wenye migahawa wengi ni Wabangladeshi?

Jina lilitangulia. Sake Dean Mahomed alifungua Hindoostane Coffee House jijini London mwaka 1810, na mgahawa wa Veeraswamy ukafunguliwa 1926, kabla Bangladesh haijawa nchi. Waliokuja kuijenga biashara hii mtaa kwa mtaa ni watu wa Sylhet, kaskazini mashariki mwa Bangladesh, wengi wao wakitokana na mabaharia waliobaki bandarini. Wapakistani wana nguvu zao Bradford na Glasgow, balti, mchuzi unaoletwa mezani kwenye karai lake, ni ya Birmingham, na Wagujarati wa Leicester wana migahawa isiyogusa nyama kabisa. Ukiandika tangazo la nyama ya kondoo, uliza kwanza toleo hilo linakwenda mji gani.

Kwa nini ninaletewa bure?

Kwa sababu anayelilipia ni mtangazaji. Jarida hutunza orodha ya migahawa iliyothibitishwa, kila mmoja ukiwa na jina la mwenye kukata shauri la kununua, na orodha hiyo ndiyo bidhaa halisi inayouzwa kwa kampuni za mchele, bia, viungo, mashine za kadi na vifungashio. Kama mgahawa umebadilisha mwenyewe na jarida linaendelea kuja kwa jina la zamani, ujue orodha imechakaa. Mtangazaji makini huuliza nakala ngapi zinachapwa, nani amezihakiki, na orodha ilisafishwa lini. Asipojibiwa kwa maandishi, pesa yake abaki nayo.

Nitajuaje makala imelipiwa?

Taratibu za matangazo za Uingereza zinataka tangazo litambulike kuwa ni tangazo, kwa hiyo tafuta neno dogo juu ya ukurasa linalosema ni ukurasa wa biashara au umedhaminiwa. Lisipokuwepo, angalia dalili: bidhaa moja tu imetajwa, haina kasoro hata moja, na namba ya simu ya muuzaji imewekwa mwisho. Makala ya kweli kuhusu tanuri la gesi itakuambia pia linapata moto kwa muda gani na vipuri vyake hupatikana wapi.

Uhuru wa mhariri una gharama zake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Tandoori Magazine, lililokuwa na mkono wa kampuni ya bia ya Cobra, lilichapisha maneno makali juu ya ununaji wa wahudumu wa migahawa. Wenye migahawa hawakulijibu jarida, waliisusia bia. Tangu hapo wahariri wa fani hii wanajua kwamba msomaji wao ndiye pia mteja wa mtangazaji wao, na ukali wa ukosoaji umepungua. Si jambo la kujivunia, lakini ndivyo lilivyo.

Nataka mgahawa wangu uandikwe. Nitume nini?

Tuma habari, usitume sifa. “Tunatoa chakula halisi kwa huduma bora” huishia kwenye takataka. “Tumeondoa mafuta ya kukaangia jikoni kwa kutumia oveni ya mvuke, na oda za Ijumaa hazijachelewa” hupigiwa simu.

Picha ndizo zinazoangusha wengi. Ukurasa mzima wa A4 ni milimita 210 kwa 297, na huongezwa milimita 3 kila upande za kukatwa, hivyo faili la tangazo liwe 216 kwa 303. Kwa chapa ya nukta 300 kwa inchi, picha ya ukurasa mzima inahitaji takriban pikseli 2,480 kwa 3,508 kabla ya hizo za kukatwa. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa ikabaki ndogo; itume kama hati au kwa barua pepe. Jingine: rangi ya machungwa ya tikka (vipande vya nyama ya kuchoma) inayong’aa kwenye simu haipo kwenye wino wa chapa. Ikibadilishwa kwenda rangi nne za uchapaji hugeuka kahawia ya kufifia. Piga karibu na dirisha, mchana, taa za manjano zikiwa zimezimwa, na weka kitu cha kijani kibichi kando, giligilani au ndimu, ili jicho lipate cha kulinganisha.

Mapishi ya jarida niliyafuata, mbona mchuzi haukutoka kama wa mgahawa?

Huenda yaliandikwa kwa sufuria ya nyumbani. Mgahawa wa mtindo wa Kiingereza na Kibangladeshi haupiki kila mchuzi tangu mwanzo. Una sufuria moja kubwa ya mchuzi wa msingi, wengi huuita grevi, na korma, madras, bhuna na dopiaza zote huanzia hapo. Pishi moja linalofaa kuanzia ni hili: vitunguu maji kilo 10, karoti kilo 1, pilipili hoho 4, kitunguu saumu gramu 300, tangawizi gramu 200, mafuta lita 1.5, kopo moja la nyanya la kilo 2.5, manjano gramu 60, giligilani ya unga gramu 60, bizari nyembamba gramu 50, chumvi gramu 100, na maji yanayofikia usawa wa vitunguu, yaani lita 8 hadi 9.

Chemsha vitunguu, mboga, mafuta na chumvi kwa saa moja na nusu, hadi kipande cha kitunguu kisagike ukikibana kwa vidole. Ongeza nyanya na viungo, endelea nusu saa. Epua, acha mvuke upungue, saga hadi kusiwe na chembe, rudisha motoni kwa moto mdogo mpaka mafuta yaelee juu. Uzito wake uwe wa uji mwepesi. Ukimimina kutoka kwenye upawa usikatike vipandevipande.

Makosa yanajulikana. Grevi ikinuka kitunguu kibichi, haikuchemka vya kutosha, na hakuna kiungo kitakachoficha harufu hiyo. Ikiwa nyeupe na yenye povu, ilisagwa kwa kasi ikiwa imejaa hewa. Irudishe motoni, povu litashuka. Ikiwa chungu, manjano ni mengi au kitunguu saumu kiliungua. Ikiwa tamu kupita kiasi, karoti zilizidi au vitunguu vilikuwa vya msimu vyenye sukari.

Sasa sahani moja. Mafuta vijiko vitatu vya chakula kwenye karai jembamba, kijiko kimoja cha chai cha tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa, kisha mchanganyiko wa viungo kijiko cha chai kimoja na nusu. Hapa una sekunde 20 au 30. Viungo vikikauka, nyunyiza grevi kidogo kabla havijawa vyeusi. Weka nyanya ya kopo iliyozimuliwa vijiko vitatu, halafu grevi mililita 75 kwa moto mkali bila kukoroga sana, iache ishike pembeni mwa karai, ikwangue irudi ndani. Rudia kwa mililita 75 nyingine, kisha malizia na 150 pamoja na nyama iliyokwisha kupikwa. Ladha ya mgahawa inatoka kwenye kule kushika na kukwangua. Mpishi anayemwaga mililita 300 zote kwa mpigo anachemsha tu.

Nikizidisha mapishi mara kumi, nizidishe kila kitu mara kumi?

Hapana. Maji hupungua polepole zaidi kwenye sufuria kubwa yenye kina kirefu, kwa hiyo anza na theluthi mbili ya hesabu ya maji. Karafuu, pilipili kali na chumvi anza na robo tatu, onja, ongeza. Nyama, kitunguu na nyanya huzidishwa kama zilivyo.

Wali wa jana unafaa?

Unafaa ukiwa umepozwa vizuri, na wengi hawaupozi vizuri. Mbegu za bakteria Bacillus cereus huvumilia kuchemshwa. Wali ukibaki vuguvugu kwenye sufuria, zinaamka, zinazaana, na sumu zinazotoa haziondoki kwa kupasha moto tena. Ndiyo maana mteja hutapika baada ya kula pilau iliyokuwa ya moto kabisa mezani.

Umwage wali kwenye sinia, kina kisizidi sentimita 5, upepewe, uingie friji ndani ya saa moja. Uandikwe saa ya kupikwa. Utumike ndani ya saa 24, upashwe mara moja tu hadi uwe na mvuke kote. Unaoshikiliwa moto kwa ajili ya huduma ubaki nyuzi 63 au zaidi. Kwenye Scotland, chakula kinachopashwa tena hutakiwa kufika nyuzi 82, kwa hiyo ukihamia Glasgow kutoka Manchester badilisha karatasi zako za rekodi.

Mzio: ni lazima niandike nini?

Vyakula 14 vinavyoleta mzio lazima uweze kuvitaja kwa kila sahani. Tangu 1 Oktoba 2021, chakula unachokifungasha mwenyewe dukani kabla mteja hajakichagua, kama sambusa kwenye pakiti kaunta, kinatakiwa kibandikwe viambato vyote na vya mzio vikolezwe.

Kwenye jiko la Kihindi hatari imejificha mahali watu hawatazami. Hing, utomvu wenye harufu kali unaotumiwa kama kiungo, ukinunuliwa dukani mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano. Mpishi anamwambia mteja “dal (mchuzi wa dengu) haina ngano” na anakosea. Haradali imo kwenye mafuta, mbegu na achari. Nazi kavu iliyokunwa huweza kuwa na salfaiti, kemikali ya kuhifadhi chakula. Samli ni maziwa. Naan, mkate wa tanuri, huweza kuwa na ufuta, na mara nyingine yai.

Lozi na karanga ni mizio miwili tofauti, na unga wa karanga ni wa bei ya chini. Mwaka 2016 mwenye mgahawa mmoja kaskazini mwa Uingereza alihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa kuua bila kukusudia: mteja mwenye mzio wa karanga alikuwa amefariki baada ya kula kuku wa tikka masala, na jiko lilikuwa limeacha unga wa lozi likatumia mchanganyiko wenye karanga. Muuzaji wa jumla akikuletea mbadala kwa sababu kile ulichoagiza kimekwisha, usikipokee hadi usome kibandiko. Hiyo iwe kazi ya mtu mmoja anayejulikana kwa jina, siyo ya yeyote aliyekuwa mlangoni.

Hata kiungo cha unga kinaweza kukuponza. Mwaka 2015 bizari nyembamba ya unga iliondolewa madukani kwa hofu ya lozi, na 2024 bidhaa za haradali kutoka India zilikutwa na karanga. Kusaga mwenyewe mbegu nzima kunapunguza hatari; hakuiondoi.

Rangi nyekundu ya tandoori ni haramu?

Si haramu, ila rangi zilizoruhusiwa zina kikomo cha kiasi, na tatizo ni kijiko. Mpishi akitia rangi ya unga kwa kukisia, anavuka kiwango bila kujua. Ukilazimika kuitumia, ipime kwa mizani ya gramu, ifunge kwenye vifuko vya pishi moja moja, na kumbuka kwamba tartrazini, rangi ya njano, na nyingine tano za kundi lake hudai onyo kwenye kibandiko kuhusu watoto. Sisi tunapendelea pilipili ya Kashmir kwa wekundu na manjano kwa unjano; rangi inatoka tulivu zaidi na mteja wa siku hizi haikatai.

Sudan 1 ni jambo lingine kabisa. Ni rangi ya viwandani, haina kiwango kinachoruhusiwa kwenye chakula. Mwaka 2005 ilikutwa kwenye unga wa pilipili ulioingia kwenye mchuzi wa chupa, na bidhaa zaidi ya 400 zikaondolewa sokoni Uingereza. Unga wa pilipili wenye wekundu usio wa kawaida na bei isiyo ya kawaida usinunue.

Nipigeje hesabu ya gharama ya sahani?

Gawanya kwa bei isiyo na VAT. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Tuseme tikka masala inauzwa pauni 11.95. VAT ya asilimia 20 imo ndani, kwa hiyo mauzo yako ni 9.96. Kuku 1.20, grevi 0.35, mafuta na viungo 0.25, krimu na unga wa lozi 0.40, kifungashio 0.20: jumla 2.40. Ni asilimia 24 ya 9.96. Aliyegawanya kwa 11.95 amepata asilimia 20 na anadhani anafanya vizuri.

Ikipita kwenye programu ya oda inayokata asilimia 30 ya bei, inaondoka 3.59. Unabaki na 6.37, toa 2.40, unapata 3.97 ya kulipia gesi, mishahara, pango na kila kitu kingine. Kwa sahani hiyo hiyo, mteja akija kuichukua mwenyewe bila programu, ungekuwa na 7.56. Kizingiti cha kujisajili VAT ni mauzo ya pauni 90,000 kwa mwaka tangu Aprili 2024. Anayekikaribia apige hesabu hizi mapema, sio siku barua inapofika.

Tanuri jipya la udongo limepasuka wiki ya kwanza. Kosa langu?

Mara nyingi ndiyo. Udongo mpya una unyevu ndani, na moto mkali wa siku ya kwanza huugeuza mvuke unaotafuta pa kutokea. Lipakwe ndani mchanganyiko wa mafuta ya haradali, sukari guru, chumvi na mchicha uliosagwa, likauke, kisha liwashwe moto mdogo sana kwa saa chache, lizimwe, lipoe lenyewe. Siku inayofuata moto uongezwe. Nenda hivyo kwa siku kadhaa kabla ya kulifikisha kwenye joto la kazi. Nyufa nyembamba kama unywele ni za kawaida. Ufa unaoingiza kucha siyo.

Naan ikianguka kwenye makaa, ukuta haujapata joto, au una masizi na unga wa zamani, au donge lilipakwa unga mkavu nyuma. Ilowanishe mgongo kwa maji kidogo, ibandike ukutani kwa mto wa kitambaa, uihesabie dakika moja hadi moja na nusu. Ikiungua juu ikiwa mbichi kati, ukuta umezidi moto. Funika mdomo wa chini wa hewa.

Tanuri la gesi lifungwe na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi, mwenye kibali cha mitambo ya jikoni ya biashara. La mkaa lina hatari isiyoonekana: monoksidi ya kaboni. Makaa yaliyoachwa yakifa polepole baada ya kuzima feni usiku yameshawahi kupeleka sumu hadi kwenye vyumba vya juu vya wapangaji. Feni iendelee hadi makaa yaishe, na kengele ya gesi hiyo iwepo jikoni na ghorofani.

Ninaweza kuleta mpishi kutoka Sylhet au Mombasa?

Kwa viza ya Skilled Worker, yaani ya wafanyakazi wenye ujuzi, mlango umefungwa kwa mpishi mpya aliye nje. Aprili 2024 kima cha mshahara kilipanda hadi pauni 38,700, na tangu 22 Julai 2025 kazi ya upishi haimo tena katika zile zinazokubaliwa kwa waombaji wapya. Walioko tayari kwenye njia hiyo wana masharti yao ya mpito. Waone wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa, wasimwone “anayewajua watu”. Kinachowezekana leo ni kufundisha walio nchini, na ndiyo sababu grevi iliyopimwa kwa gramu imekuwa na thamani kuliko mpishi mwenye siri zake kichwani.

Tuzo zina maana?

Inategemea nani anaamua. British Curry Awards zilianza 2005, na leo tuzo ni nyingi. Uliza mambo matatu: je, waamuzi walikula kwako bila kujitambulisha? Wanaangalia alama ya usafi? Na ungeshinda kama usingenunua meza ya chakula cha jioni? Ukinyamaziwa kwenye la tatu, umenunua fremu. Kibandiko cha alama 5 ya usafi mlangoni ni bure, na Wales na Ireland ya Kaskazini ni lazima kionyeshwe.

Vyakula vya Afrika Mashariki vina nafasi kwenye majarida haya?

Vinayo, na ni ya haki. Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, pamoja na waliotoka Kenya na Tanzania, walileta Leicester na Wembley menyu iliyokwisha kukaa pwani: mogo (muhogo) wa kukaanga, kuku paka (kuku wa kuchoma kwenye mchuzi wa nazi), mishkaki. Ukiiwasilisha kwa mhariri, mpe vipimo. Muhogo uliogandishwa uchemshwe dakika 15 hadi 20 mpaka uanze kupasuka, utolewe uzi wa katikati, ukaushwe vizuri, ndipo ukaangwe kwenye mafuta ya nyuzi 180. Ukikaangwa na maji, mafuta yanapanda na muhogo unakuwa mgumu nje na mnato ndani. Kwa kuku paka, tui la pili litangulie kwenye kuku aliyechomwa, tui zito liingie mwisho kwa moto mdogo, lisichemke kwa nguvu, maana linakatika na kuacha mafuta juu, na mteja asiyekijua chakula atadhani limeharibika.